Naomba ushauri: nipange bei gani kwa kikoa cha neno lisilo la kawaida?

Habari zenu wakuu. Nina kikoa (jina la anwani ya tovuti) cha .com, neno la mabaharia wa pwani, herufi sita, bila kistari wala tarakimu. Linatamkika vizuri, ila nje ya pwani wachache wanalijua. Sasa kuna mtu ameniandikia anauliza bei.

Kikadirio cha bei cha GoDaddy, kampuni ya kusajili vikoa, kimenipa thamani, lakini siiamini kwa neno la Kiswahili. Kwenye NameBio, tovuti ya kumbukumbu za mauzo ya vikoa, nimetafuta mauzo yaliyopita, nikaishia kuona ya Kiingereza tu, na hayo hayalingani na langu. Nalipenda jina hili, sitaki kuliuza kwa bei ya kutupa.

Waliowahi kuuza majina ya namna hii: mlipataje bei ya chini ya kuanzia? Na je, nitaje bei mimi, au nimwache mnunuzi aanze?