Wanaume tuliosoma bweni: nani alisimama na wewe ulipokuwa unaonewa? Tupeane uzoefu

BabaWawili

Wakuu, habari za jioni. Mpwa wangu anaingia Fomu Wani bweni mwezi wa kwanza, na dada kaniomba nikae naye nimwandae. Godoro, ndoo, tranka na kufuli tumeshanunua. Kazi iko kwenye kumweleza yanayofanyika taa zikishazimwa, maana sisi wanaume haya mambo hatuyasemi. Tukikutana tunasimuliana makande yenye wadudu, tunaishia hapo.

Naanza mimi. Nilisoma shule ya serikali ya wavulana, kanda ya ziwa, mwishoni mwa miaka ya 90. Njuka, yaani mgeni wa Fomu Wani, alikuwa mali ya bweni zima. Usiku wa manane Fomu Three anapitisha tochi usoni, anachagua: wewe, shuka. Unamchotea maji, ukirudi unarushwa kichurachura kwenye korido mpaka mapaja yanawaka moto. Sukari niliyotoka nayo nyumbani sikuionja. Nauli ya likizo nilikuwa nimeishonea ndani ya mto, wakaipata.

Deka ya juu yangu alilala kijana wa Ukerewe, mwembamba kuliko mimi, hana ubavu wa kupigana na mtu. Usiku mmoja nimeitwa, nikaona miguu yake inashuka. Kavaa malapa, kashika ndoo yake. Akasema, "Twende wote." Fomu Three akamwambia hujaitwa wewe. Akajibu, "Najua, kaka." Tukaenda. Usiku uliofuata vilevile. Hakubishana na mtu, ila hakuniacha nitoke peke yangu hata mara moja. Wale jamaa walikuwa wanamtaka mtu mmoja gizani. Mkiwa wawili kuna shahidi, raha yao inakatika. Walipoanza kuwaita njuka wengine, yeye ndiye aliyesema na hao twende nao. Muhula wa pili akiitwa mmoja linatoka kundi zima na ndoo zao, na kuitwa kukapungua.

Huyo kijana ndiye aliyesimamia ndoa yangu. Nyie wenzangu, kwenu alikuwa nani?

Mwambao

Kaka BabaWawili, mimi mtu wa Kilifi, nikapelekwa kusoma bara. Huku Kenya njuka tunamwita mono. Siku ya kwanza niliamrishwa nipulize taa ya umeme hadi izime. Kisha nikapandishwa juu ya meza niimbe taarabu, kwa vile natoka Pwani. Kila nikifungua mdomo kuna mtu ananiiga lafudhi. Nikanyamaza. Hata mwalimu akiuliza swali ninalolijua, nainamisha kichwa.

Aliyenitoa huko ni kijana wa Kikamba tuliyekaa naye dawati moja. Insha ya Kiswahili ilikuwa inamtesa. Siku moja akaniambia mbele ya darasa, kwa sauti, "Nifundishe kuandika vile unavyosema wewe." Wakacheka. Yeye akafungua daftari, akangoja. Mitihani ilipokaribia wengine nao wakaanza kuja na insha zao, na akawa anawaambia: kwanza acha kumwiga mwenzako. Wakaacha. Ninavyoandika leo bila woga, nina deni kwake.

Niseme na la viranja. Mwaka 1999, mimi nikiwa bado shule ya msingi, viranja wanne wa shule ya upili ya Nyeri walifungiwa chumbani mwao usiku, wakachomwa moto na wanafunzi wenzao, wakafa. Sitetei mauaji hata chembe. Lakini shule ikimpa mvulana wa miaka 17 mamlaka ya kuwaadhibu wenzake, imemweka hatarini hata yeye. Sheria yetu ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 36, inakataza mwanafunzi kuteswa kimwili au kiakili. Ningeomba kila mzazi aitaje siku ya kumpeleka mtoto, mbele ya mwalimu mkuu, mtoto akisikia.

Mtondoo

Bwenini kwetu hakusimama mtu. Aliyesimama ni baba. Likizo ya mwezi wa sita aliona alama mgongoni kwangu nikiwa naoga uani. Hakuniuliza neno. Jumatatu akavaa koti lake, akaenda kunitafutia nafasi shule ya kata. Ndugu wakamsema sana, eti kamtoa mtoto shule yenye jina kampeleka ya kutembea kwa mguu. Alinyamaza kimya. Ameshatangulia mbele za haki, na sikuwahi kumshukuru kwa hilo akiwa hai.

Patroni wa Zamu

Mtondoo, pole sana, na Mungu ampumzishe mzee.

Mimi ni mwalimu na patroni, yaani mlezi wa bweni, Tanzania. Wengi hamjui kwamba kiranja hana ruhusa ya kumchapa mtu. Kanuni za 2002 zinasema kiboko ni cha mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, visizidi vinne, na viandikwe kwenye kitabu. Mimi binafsi natamani hata hivyo vinne vifutwe.

Lakini nilitaka kumsema yule anayeonea. Nilikuwa na kijana wa Fomu Three, tishio la bweni. Siku ya wazazi alikuwa anaondoka mapema, anakaa nyuma ya uwanja mpaka magari yaishe. Hakuna aliyekuja kwake, hata mara moja. Baba kaoa kwingine, mama hajulikani alipo. Tuliwahi kumsimamisha masomo. Akarudi mbaya zaidi. Kilichomgusa ni njuka mmoja aliyekuwa anamwonea kila siku. Siku ya wazazi yule mtoto alimfuata uwanjani na sahani ya pilau ya mama yake, akaiweka chini, akakaa. Nilikuwa nawaona dirishani. Walikula bila kusemezana. Hakugeuka malaika, na Fomu Foo hakuimaliza. Ila yule njuka hakuguswa tena, wala wa kitanda cha jirani yake.

BabaWawili

Mwalimu, shikamoo. Nimesoma hiyo ya pilau mara mbili.

Kwa anayeuliza pembeni: simu ya huduma kwa mtoto ni 116, bure, Tanzania na Kenya, na hata mzazi anaweza kupiga. Vituo vya polisi Tanzania vina Dawati la Jinsia na Watoto. Mpwa wangu nimemwambia jambo moja tu kwa leo: wiki ya kwanza, kabla hujajua ratiba ya chakula, mtafute mmoja ambaye akiitwa usiku utatoka naye. Ameniuliza, "Na nikitoka naye wakatupiga wote?" Nikamwambia asubuhi nendeni wote wawili kwa patroni, na jioni mnipigie.

Waliosoma seminari na shule za ufundi bado hamjasikika. Karibuni.