Kompyuta ya nyumbani inajizima na kujiwasha: pawa saplai, stabilaiza, UPS au laptopu?

Maalim_wa_Chake
Assalaam alaykum ndugu zangu. Naomba ushauri kabla sijatoa pesa. Nina kompyuta ya mezani ya mtumba, ilikuja na boti kutoka Unguja, mwaka wa pili huu. Ndiyo ninayotungia mitihani ya skuli na ndiyo watoto wanayosomea. Wiki ya tatu sasa inajizima ghafla na kujiwasha yenyewe. Haina saa maalumu: mara dakika kumi, mara masaa matatu. Juzi imenipotezea mtihani mzima wa Kidato cha Pili.

Nimeuliza watu wanne, nimepata majibu manne. Wa kwanza anataka nifute Windows niweke upya. Wa pili anasema pawa saplai, kile kisanduku cha ndani kinachoigawia kompyuta umeme, imechoka. Wa tatu anasema ni umeme mdogo, ninunue stabilaiza, au UPS, yaani kile kisanduku chenye betri kinachoshikilia umeme ukikatika. Ndugu yangu wa Unguja anasema niiuze kama ilivyo, ninunue laptopu ya mtumba. Pesa niliyonayo inatosha jambo moja. Nianze na lipi?

FundiMlandege
Wa alaykum salaam Maalim. Leo usinunue kitu. Windows imewekwa hivi: ikipata kosa kubwa inajiwasha upya kabla hujasoma ilichoandika, kwa hiyo ugonjwa unajificha. Iondolee tabia hiyo kwanza. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika sysdm.cpl, nenda "Advanced", kisha "Startup and Recovery", uondoe tiki penye "Automatically restart".

Ikizimika tena, angalia kwa makini. Ikisimama kwenye skrini ya buluu yenye maandishi, ipige picha kwa simu, hapo tutazungumza habari za ramu (kumbukumbu ya muda ya kompyuta), diski au draiva (programu inayoendesha kifaa). Ikikatika kama mtu aliyeng'oa plagi, tutafuata njia ya umeme: ukutani, waya, pawa saplai, mazabodi (bao kuu la ndani).

Halafu bonyeza tena Windows na R, andika eventvwr.msc, fungua "Windows Logs", "System", utafute mstari wenye namba 41, "Kernel-Power". Wengi wakiiona hiyo 41 wanakimbilia dukani. Jamani, 41 si hukumu. Inasema tu kwamba safari iliyopita mashine haikuzimwa kwa utaratibu. Fungua maelezo yake uone "BugcheckCode", yaani namba ya kosa. Ikiwa 0, Windows haikupata hata nafasi ya kuandika kosa, na mara nyingi ni kwamba umeme ulipotea ghafla. Ikiwa namba nyengine, ilipita skrini ya buluu hukuiona.

Kufuta Windows kuwe mwisho kabisa. Kama bado unatumia Windows 10, msaada wake wa kawaida ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025, na hilo lina mazungumzo yake. Lakini silo linalokuzimia kompyuta.

MamaKopi_Wete
Mimi nina kibanda cha kuchapa na kutoa kopi hapa Wete, na maradhi haya nimeyaishi. Yangu ilikuwa inazimika ikikaribia Magharibi, taa zinafifia, friji inanguruma haishiki. Nikanunua stabilaiza. Friji ikapona, kompyuta haikupona. Stabilaiza inasawazisha umeme uliopanda au ulioshuka, unaisikia ndani "tak!" ikibadilisha. Umeme ukikatika haina cha kukupa, kwa sababu haina betri.

UPS ndiyo iliyonitua mzigo. Hii yangu ya VA 650 (ndicho kipimo cha uwezo wake) inanipa dakika za kuhifadhi kazi na kuzima kwa utulivu, si za kuendelea na biashara. Na tafadhali, printa ya leza usiichomeke upande wa betri. Inapojipasha moto inavuta umeme mwingi kwa mpigo, UPS ndogo inalemewa.

Kwa hiyo mimi nasema stabilaiza kwa friji, UPS kwa kompyuta. Lakini Maalim hujatwambia: ikizimika, taa za nyumba zinafanyaje?

FundiMlandege
Hilo ndilo swali, Mama. Niongeze kidogo, maana watu wanagombana hapa bila sababu. Pawa saplai nzima ina akiba ndogo ya umeme ndani yake. Umeme ukitetereka kwa milisekunde kumi na kitu, inabeba mzigo bila kompyuta kujua. Ikichakaa, akiba ile inapungua. Umeme ni ule ule, ya jirani inaendelea kufanya kazi na yako inazimika. Basi yule wa pili na yule wa tatu wanaweza kuwa wote wamesema kweli.

Ndiyo maana sipendi UPS iwe dawa ya kwanza. Ukiiweka mbele ya pawa saplai mbovu, inaufunika ugonjwa kwa muda tu. Tena betri yake ya asidi haipendi joto letu, inataka kubadilishwa baada ya miaka michache, na anayesahau anabaki na sanduku linalopiga kelele. Wakati wa giza la miezi mitatu hapa Unguja, Disemba 2009 mpaka Machi 2010, meza yangu ilijaa pawa saplai zilizolishwa umeme wa majenereta madogo. Nyingi hazikufa siku ile ile. Zilikufa polepole, miezi mbele.

Kusi_Nungwi
Mbona hakuna aliyeuliza kompyuta imekaa wapi? Sisi wa pwani tunapigana na chumvi. Niliwahi kufungua moja iliyokaa karibu na dirisha la upande wa bahari, vumbi limeshikana na unyevu mpaka feni ya prosesa (ule ubongo wa kompyuta) inazunguka kwa taabu, na meno ya ramu yamefifia rangi. Kusafisha hakuna gharama: ng'oa plagi, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde chache ili umeme uliobaki uishe, tumia brashi laini, toa ramu uyasugue meno yake taratibu kwa raba safi ya kufutia penseli, uirudishe mpaka ishike pande zote mbili. Grisi inayopitisha joto la prosesa ikiwa imekauka, iweke mpya.

Dalili ya joto unaijua. Prosesa ikikaribia digrii 100 inajipunguza kasi, ikizidi mashine inajizima kujilinda, na mara nyingi ukiiwasha papo hapo inazimika haraka zaidi kuliko mwanzo.

KijanaWaJangombe
Mimi namuunga mkono ndugu yako, Maalim. Laptopu inabeba UPS yake tumboni. Umeme ukikatika hata hujui, na inakula umeme kidogo kuliko ya mezani. Unaondoka nayo mpaka skuli.

MamaKopi_Wete
Mwanangu, hiyo ni laptopu ambayo betri yake ni nzima. Za mtumba nyingi betri zimekwisha, ukichomoa waya inazimika hapo hapo, umerudi kule kule. Anayenunua aichomoe dukani, aifungulie video, akae nayo nusu saa mbele ya muuzaji. Na ya mezani kikifa kimoja unabadilisha kimoja. Maalim ana watoto wanaogombania skrini moja kubwa, hiyo nayo ni hesabu.

Maalim_wa_Chake
Ndugu zangu, nimerudi baada ya siku sita. Nimefuata kila kitu.

Skrini ya buluu haikutokea hata mara moja. Mistari ya 41 nimeikuta kumi na tisa, yote "BugcheckCode" ni 0. Nikamweka mwanangu mkubwa aangalie taa na feni ya ukutani. Kompyuta ilizimika mara tano, taa hazikutikisika hata mara moja. Tena mara nne kati ya hizo ilikuwa inacheza video za masomo, yaani ilipokuwa na kazi nzito. Nimeisafisha kama alivyosema Kusi, vumbi lilitoka la kutisha, feni sasa inazunguka vizuri, lakini siku ya pili ikazimika tena.

Mwalimu mwenzangu ana kompyuta ya aina ile ile iliyokufa mazabodi. Fundi wa hapa Chake akaniwekea pawa saplai yake. Leo siku ya tatu, video usiku kucha, haijazimika. Ile yangu ya zamani nimeimulika kwa tochi kupitia matundu yake, nimeona kapasita (vile vikopo vidogo vinavyoweka akiba ya umeme) mbili vichwa vimevimba, moja imevuja ute wa kahawia.

FundiMlandege
Umefanya kazi ya ufundi, Maalim. Kapasita zikishavimba hakuna mjadala. Umefanya vyema kuishia kwenye tochi, usiifungue: kapasita kubwa za ndani zinaweza kushika zaidi ya volti 300 hata baada ya kung'olewa ukutani.

Kabla ya kulipa, hesabu pini. Pawa saplai ya kawaida ina plagi kubwa ya pini 24, lakini kompyuta nyingi za ofisini zinazokuja kwa mtumba zina plagi za kiwanda chao, pini sita au nane, na umbo la sanduku ni tofauti. Nitumie picha ya plagi na ya kile kibandiko cha ubavuni. Usikubali ya kuunganishwa kwa waya za kukata.

Maalim_wa_Chake
Umeniokoa. Yangu ni ya pini sita, na dukani walikuwa wananipa ya 24. Mwenzangu amekubali kuniuzia hii hii iliyomo, kwa bei ya udugu, na pesa imebaki. UPS ya Mama Kopi nitaifikia nikishauza karafuu zangu. Laptopu hapana, si sasa.

Mtihani wa Kidato cha Pili nimeuandika upya jana usiku, kurasa nne. Kila nikimaliza ukurasa nauweka kwenye flashi.