Swichi, diodi au soketi: kubuti minikompyuta za zamani, ipi ilikuwa bora?

oktali_kwanza: Wakuu habari zenu. Nachezea PDP-11, minikompyuta ya kampuni ya DEC, ndani ya SIMH (programu inayoiga kompyuta za zamani) na sasa nataka kuelewa njia za kuibuti, yaani kuipa programu ya kwanza ya kuanzia, maana naona DEC walikuwa wanabadilisha tu, mara swichi za mbele, mara bodi ya diodi, mara bodi za romu M9301 na M9312. Ukiambiwa uchague moja unachukua ipi?

fundi_kore: Mimi swichi, sibanduki hapo. Loda (programu ndogo ya kupakia nyingine) ya PDP-11 ni maneno 14 tu, yaani namba 14 za biti 16 zinazoandikwa kwa oktali, unaanza na 016701 unashuka mpaka neno la mwisho ambalo ni anwani ya kisoma tepu, hiyo ndo inavuta loda kubwa toka kwenye tepu ya karatasi. Na memori ya kore (ya vipete vya sumaku) haisahau umeme ukizimwa, ukiiingiza leo kesho unaikuta palepale.

mwana_unibus: @fundi_kore unaikuta kama hakuna programu iliyopita juu yake, hapo ndo shida ilipo. HP kwenye minikompyuta yao ya 2116 wakaamua maneno 64 ya juu yalindwe kwa swichi. DEC wakaja na bodi ya diodi ya BM792, maneno 32 ya biti 16, yaani nafasi 512 za diodi, unaishika mkononi na programu unaisoma kwa macho! Napenda sana hiyo bodi. Ila maneno 32 ni finyu, kifaa kikibadilika bodi hiyo haikufai tena.

jamaa_wa_tepu: Kwani MI8-E, ile bodi ya kubuti ya PDP-8/E, si ni hiyohiyo tu?

mwana_unibus: Hapana mkuu, diodi ni diodi na maneno ni 32 pia, ila kazi wanaifanya tofauti kabisa. MI8-E inafanya kama mkono wako, unagusa swichi ya SW nayo inaandika maneno kwenye kore moja baada ya jingine halafu inaanzisha programu. Nova, minikompyuta ya Data General, nayo inanakili maneno 32 toka romu (memori ya kusoma tu) kwenda anwani 0 hadi 37 za oktali. Kwenye PDP-11 diodi zina anwani yake 773000, kule kwenye ukurasa wa vifaa (sehemu ya anwani iliyotengwa kwa vifaa), prosesa inasoma maagizo hapohapo na kore haiguswi.

bodi_safi: Jamani M9312, sioni hata ubishi. Memori za chipu zilipokuja zikawa zinasahau kila kitu umeme ukikatika, na mashine kama PDP-11/04 na 11/34 hazikulazimika kuwa na paneli ya swichi, sasa utaingiza maneno 14 kwa njia gani? M9301 ikaleta konsoli ndani ya romu, unaandika kwenye teminali L, E, D, S (Load, Examine, Deposit, Start) badala ya kubonyeza swichi. M9312 ikaongeza soketi tano, moja ya konsoli na vipimo, nne za vifaa, ukinunua diski mpya unachomeka chipu yake tu basi. Na bodi hiyohiyo ni tamineta (kifungio cha mwisho) ya Unibus, njia ya mawasiliano inayounganisha sehemu za PDP-11.

fundi_kore: Soketi nazikubali. Ila @oktali_kwanza anza na swichi uielewe, kwenye SIMH ingiza maneno 14 kwa amri ya deposit kuanzia anwani 157744 kama una maneno 28K, la mwisho 177550, ambatisha tepu ya loda kubwa kwenye PTR (kisoma tepu), halafu anzia 157744.