Mmefuta picha ya mama mboga, mabango ya waganga mkayaacha!

Wazee, nina hasira hadi mikono inatetemeka.

Mnaopita barabara ya Landhies kuingia soko la Muthurwa hapa Nairobi mnaujua ule ukuta mrefu. Wiki mbili zilizopita tulifika alfajiri tukakuta mtu amechora usiku. Hakuacha jina wala namba ya simu. Alichora mama mboga amejitwika gunia la sukuma, mtoto mgongoni amelala mdomo wazi. Ile leso ya mtoto ungehesabu nyuzi zake. Kidole gumba cha mama kimetokeza nje ya sandali iliyokatika. Nimeuza vitunguu hapo miaka kumi na moja, na sandali kama hiyo ninayo. Wamama walikuwa wanashusha mizigo, wanasimama, wanaangalia tu.

Jana nimefika, ukuta mweupe! Chokaa mbichi, inachuruzika hadi mtaroni. Nikauliza, nikaambiwa mji unasafishwa.

Unasafishwa nini? Hatua tano kutoka hapo kuna mabango ya waganga wa kurudisha mpenzi, yamebandikwa moja juu ya jingine hadi yamekuwa mazito kama godoro. Kuna sura za wagombea wa 2022, zimechanika nusu, bado zinatuchekea. Hayo hayakuguswa. Unaona kabisa brashi ilipofika na kukata kona kuyakwepa.

Na asije mtu kunisomea sheria. Najua kuchora ukuta wa wenyewe bila ruhusa ni kosa. Bango je, lina ruhusa ya nani?

Nairobi hii si mara ya kwanza kuta kusema. Baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007, msanii Solo 7 alizunguka mtaa wa Kibera akiandika maneno ya kuomba amani. Mwaka wa 2012 vijana walichora usiku, katikati ya jiji, mwanasiasa mwenye kichwa cha tai, yule ndege mla mizoga. Hapo naelewa mkubwa akikasirika, amejiona. Lakini huyu wetu alimtukana nani? Amechora mama na mtoto! Ni nani aliumia akiangalia gunia la sukuma?

Wewe uliyechora, kama unasoma hapa: kibanda changu kina mbao upande wa nyuma, futi nane kwa sita, na ni mali yangu, nimelipia. Njoo usiku wowote. Mlinzi nitamwambia akuache, na rangi nitachanga na wenzangu. Mtoto umchore vilevile, mdomo wazi.