Lenzi ya ndege na mandhari: Canon 100-400 au Sigma 150-600? Nina hadi Jumamosi

Kware_wa_Rongai
Habari za jioni wadau. Nimeweka akiba mwaka mzima na sasa nataka lenzi moja ya kupigia ndege, bila kuacha mandhari. Nimebaki na mbili, zote zimetumika: Canon 100-400 toleo la pili, na Sigma 150-600 Contemporary (namba ni milimita; zikiwa kubwa zaidi, lenzi inavuta karibu zaidi). Mwenye Canon amenipa hadi Jumamosi. Napiga zaidi msitu wa Karura na mbuga ya Nairobi. Nichukue ipi?

Mama_Chozi
Karibu kaka. Hujasema kamera gani, hujasema pesa ngapi, hujasema unatembea kwa miguu au una gari. Tukijibu sasa tutakuwa tunabahatisha.

Shorobo77
Mimi sihitaji kungoja. 100-400. Mwaka wa tatu huu naibeba Karura. Yule ndege shorobo wa Hartlaub hakai mahali wazi akakusubiri. Anakimbia juu ya matawi kama kuchakuro, unaona mkia tu, halafu anaruka kuvuka njia na mabawa yanafunguka mekundu kama damu. Una sekunde moja ya kuinua lenzi. Sigma ina karibu kilo mbili, Canon kilo moja na nusu na kidogo. Ukitoka langoni hutaona tofauti. Nenda maporomoko, rudi, kisha uulize shingo. Halafu Canon inashika fokasi hata kitu kikiwa mita moja. Ndege mdogo chozi akitua kwenye ua mbele yako, mwenye Sigma anarudi nyuma karibu mita tatu, na akimaliza kurudi chozi ameshaenda.

Tai_wa_Athi
Shorobo, wewe ni mtu wa msituni. Mbugani mambo ni mengine. Kule hushuki garini ila sehemu chache zilizoruhusiwa, kwa hiyo huwezi kumsogelea ndege kwa miguu. Karani tamba, yule ndege wa miguu mirefu, yuko kule nyasini anapiga hatua zake, dereva hawezi kuacha barabara, utafanya nini na 400? Chukua Sigma. Shona kifuko, jaza mchele, laza lenzi juu yake dirishani, na mwambie dereva azime injini. Gari likinguruma picha zinaweza kutoka na ukungu hata kasi ya shata (kifuniko cha kamera kinachofunguka kupiga picha) ikiwa juu.

Kware_wa_Rongai
Samahani wakubwa, niliandika kwa haraka. Kamera ni Canon 80D, nina lenzi za 18-55 na 55-250. Pesa ni 130,000, ikizidi hapo naingilia karo ya Januari. Gari sina. Karura naenda karibu kila Jumapili, mbugani ni mara moja kwa mwezi na rafiki.

Mama_Chozi
Hapo sasa umesema. Sensa ya 80D, kile kipande kinachopokea picha, ni ndogo, kwa hiyo 400 inaona kama 640 kwenye kamera ya sensa kubwa, na 600 inakuwa kama 960. Ni karibu sana hiyo, na watu hawaambiwi shida yake. Mbugani, ikifika saa tatu asubuhi jua likiwa kali, joto linapanda kutoka nyasini na hewa inaanza kucheza. Nina picha ya mbuni niliyempiga kutoka mbali saa nne unusu. Fokasi iko sawa, kasi iko sawa, lakini manyoya yanaonekana kama yamechorwa kwenye maji. Hakuna lenzi inayotibu hilo. Ingia lango likifunguliwa saa kumi na mbili, piga hadi saa tatu, basi.

Fundi_Mwanga
Kaka, usitoe hata shilingi kabla hujasoma hii. Miaka minne iliyopita nilinunua 150-600 iliyotumika kwenye duka moja mjini, jina silitaji. Nilienda jioni baada ya kazi, duka lina taa moja ya mwanga mweupe. Nikaifunga kwenye kamera yangu, nikapiga kalenda iliyokuwa ukutani, mita nne hivi. Maandishi yakatoka safi. Nikalipa, nikapanda matatu nimeikumbatia kama mtoto.

Jumapili nikaenda Naivasha. Furukombe, tai mla samaki, akashuka majini mbele ya boti, ile nafasi unayoiota. Nikapiga fremu 30. Zote zimefifia, zote fokasi iko nyuma yake, kwenye mafunjo. Nikadhani ni mkono wangu. Wiki nzima nikajilaumu, nikaongeza kasi ya shata hadi 1/2500 ya sekunde, hali ni ile ile. Kumbe karibu inashika, mbali inapotea, na mimi niliijaribu karibu tu. Kisha rafiki yangu akachukua tochi, akaimulika kutoka nyuma, tukachungulia kwa mbele. Ndani ya kioo kulikuwa na nyuzi nyeupe nyembamba, zinatanda kutoka ukingoni kama utando wa buibui. Kuvu. Niliporudi, mwenye duka alisema iliondoka kwake ikiwa nzima.

Kwa hiyo Jumamosi nenda mchana, nenda na kamera yako na tochi. Toka nje barabarani, piga kitu kilicho mita mia, kwa 100, kwa 250, kwa 400. Zungusha pete zote mbili usikie kama kuna mchanga. Akikukataza kutoka nje, rudisha pesa mfukoni.

Shorobo77
Pole sana Fundi. Ya furukombe inauma.

Milima_ya_Ngong
Mbona mandhari mmeyaacha? Ameuliza yote mawili. Kware, 18-55 yako inatosha, funga tundu la lenzi hadi f/8 na uweke stendi nzito. Nzito kweli, kwa sababu upepo wa kule juu Ngong, karibu na mitambo ya umeme wa upepo, uliniangushia kamera nikiwa nafungua chupa ya maji. Na hiyo 100-400 pia ni ya mandhari. Mpige twiga kutoka mbali na majengo ya jiji nyuma yake, utaona jengo la KICC limesogea hadi begani kwake. Lenzi pana haiwezi kukupa hiyo picha.

Tai_wa_Athi
Picha hiyo siku hizi lazima uvizie pembe, daraja la reli ya SGR linakatiza mbuga. Mimi nalifuta kwenye kompyuta.

Mama_Chozi
Usilifute. Lipo. Twiga wanapita chini yake, na hiyo ndiyo mbuga tuliyo nayo. Picha isiyo na daraja inamdanganya mtu atakayeiangalia miaka hamsini ijayo.

Tai_wa_Athi
Mama, mimi napiga picha ya kutundika sebuleni, si ushahidi wa mahakamani.

Mama_Chozi
Basi iandike chini kwamba umefuta. Hilo tu naomba. Ni kama wale wanaowachezea ndege sauti kwenye simu ili watokee. Ndege anaacha kiota akidhani mwenzake amevamia, mtu anapata picha, halafu anaandika "nilibahatika".

Shorobo77
Ya simu nakuunga mkono kabisa. Karura nimeyaona kwa macho yangu, msimu wa viota. Ya daraja bado nafikiria.

Kware_wa_Rongai
Asanteni nyote. Jumamosi nitaenda na tochi. Nikiwaza Jumapili zangu za Karura nataka Canon, nikiwaza karani tamba nataka Sigma. Kuna yeyote mwenye Sigma anayeweza kuniazima dakika kumi niishike?

Milima_ya_Ngong
Mimi ninayo. Jumapili nitakuwa bwawa la Manguo, Limuru, kabla jua halijatoka. Maji yamejaa baada ya mvua na bata ni wengi. Shukia barabara kuu ya Nakuru, utaniona na kofia ya kijani. Vaa sweta, kule asubuhi ni baridi.

Fundi_Mwanga
Manguo korongo taji bado wapo? Mwezi jana sikuona hata mmoja.