Mrejesho: maombi yangu ya chuo cha sanaa London

Assalamu alaykum ndugu zangu. Mwezi wa tatu niliwauliza kama mtoto wa Wete, Pemba, aliyejifunza kuchora nyumbani, anaweza kuomba Central Saint Martins, na atume kazi zipi. Alhamdulillahi, nimepata nafasi ya ubunifu wa vitambaa.

Dada uliyeniambia niache michoro ya matunda niweke kofia anazoshona bibi, Mungu akulipe kheri. Nilikaa na bibi barazani jioni tatu nikipiga picha vidole vyake: anatoboa kitundu, anakizungushia uzi mpaka ukingo unasimama, anahamia kingine. Nikaambatanisha na karatasi zangu za kuhesabia viua, yaani hivyo vitundu vya kofia, hata zilizofutwafutwa. Kwenye usaili waliziuliza hizo zilizochafuka kuliko kofia iliyokamilika. Tafadhali msizitupe.

Sasa viza. Fedha lazima zikae benki siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya kiwango. Zangu zilishuka siku ya 19, baba alipotoa za matibabu ya shangazi, nikaanza kuhesabu upya. Sikumlaumu, ila mwambieni mapema kila mwenye kadi ya akaunti. Kipimo cha kifua kikuu nacho ni lazima kwa sisi tunaokwenda Uingereza zaidi ya miezi sita. Mimi nilikifuata Dar es Salaam, na boti ya Pemba haiendi kwa haraka zako.

Ombi la viza natuma wiki ijayo, inshallah. Bibi kanipa sindano yake moja. Nimeshaifunga kwenye kitambaa.