Jaji Peter Burnett: walikosea kufuta jina lake shuleni?

Wakuu salaam. Mwaka 2014 shule ya msingi moja ya Long Beach, California, iliacha kuitwa Burnett, jina la gavana wa zamani wa California. Kuna wanaosema ni kufuta historia. Mimi nasema walichelewa, na sababu yangu kubwa si ugavana wake, ni ujaji.

Burnett alianza uwakili Missouri, enzi hizo pembezoni kabisa mwa Marekani. Alikuwa miongoni mwa mawakili wa Joseph Smith, mwanzilishi wa dini ya Wamormoni, na wafuasi wake, watu waliokuwa wakiwindwa jimboni humo. Hapo nampa heshima yake. Mwaka 1843 akahamia Oregon, na mwaka uliofuata akapeleka sheria ya kuwatimua weusi: asiyeondoka achapwe viboko 20 hadi 39, na arudiwe kila miezi sita. Viboko vilifutwa kabla havijatumika, ila yeye ujaji akapewa. Kisha dhahabu ikamvuta California, akawa gavana. Januari 1851 akawaambia wabunge kuwa vita dhidi ya wenyeji wa asili vitaendelea mpaka watoweke.

Sasa njooni 1858, yuko Mahakama ya Juu ya California. Kijana mtumwa, Archy Lee, kaletwa Sacramento kutoka Mississippi na bwana wake, Stovall. California haikuruhusu utumwa. Stovall alidai yeye ni mpita njia tu, kumbe kafungua shule na Archy kamkodisha kwa watu apate ujira. Burnett akakubali kabisa kwamba kisheria Stovall hana haki. Halafu akasema: lakini Stovall ni kijana, anaumwa, na kesi ya namna hii ndiyo ya kwanza, basi amchukue mtu wake! Watu wakacheka kwamba sheria kaipa Kaskazini isiyotaka utumwa, Archy kampa Kusini yenye watumwa.

Mchangiaji wa kwanza: Mkuu, unampima mtu wa 1858 kwa mizani ya leo. Kwa mwendo huo tufute na George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, naye alikuwa na watumwa.

Mleta mada: Mizani ni ya wakati wake, ndugu yangu. Akiwa gavana aliomba weusi wapigwe marufuku California, wabunge wakamkatalia. Na Archy huyohuyo, weusi wa California walimchangia pesa za mawakili, akatolewa kwenye mashua Stovall akijaribu kumsafirisha kutoka San Francisco. Aprili mwaka huohuo kamishna wa serikali kuu akamwachia huru. Sheria ilikuwepo, Burnett aliisoma, akaikunja akaweka mfukoni.

Mchangiaji wa pili: Jina liondoke, sawa, ila hiyo hukumu wanafunzi wa sheria waisome neno kwa neno. Na Archy aliishia wapi?

Mleta mada: Hakukaa. Mwaka huohuo aliondoka kwa meli, kama walivyofanya mamia ya weusi wenzake, wakaenda British Columbia ya leo, huko Canada, wakati huo chini ya Mwingereza.